Mwenzio Yuko Wapi?

Mwalimu mkuu wetu kataka timu ya wasichana ya mpira wa pete iwe na kanuni zake, ziandikwe kwa herufi kubwa na zibandikwe kwenye mlango wa stoo tunamoweka mipira. Kazi nikapewa mie, maana mwalimu wa michezo ni mie na Kiswahili nasomesha mie, kwa hiyo makosa yakitokea hapana wa kumsingizia. Kanuni ya tatu niliiandika maneno mawili: "Heshimu wenzako." Karatasi ikanirudia na peni nyekundu. Kaikata, na juu yake kaandika: "Mwanatimu amheshimu mwanatimu mwenziwe."

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu wa hisabati akauliza kulikoni. Neno mwanatimu limeingia skuli kwetu kwa njia ya semina, na sina ugomvi mkubwa nalo. Lina ndugu zake wengi, mwanachama, mwanakijiji, mwanajeshi. Lakini tazama mkubwa wetu alivyokwama. Kamtaja mwanatimu mara mbili, na bado sentensi haikusimama mpaka alipomwita mwenziwe aje kuishikilia. Mwanatimu anakwambia huyu yumo timuni. Yumo na nani, na hao wanamwonaje, hakwambii.

Tulibishana kwa vikombe viwili vya chai, kanuni ikabandikwa kama nilivyoiandika, na tumebaki tunaamkiana vizuri. Ila neno lenyewe, hili la mwenzako na mwenziwe, limegoma kuniondoka kichwani.

Kwa asiyeujua mchezo: mpira wa pete una watu saba kila upande, kila mmoja na herufi zake kifuani: GS na GA wa mbele, WA, C na WD wa kati, GD na GK walinzi wa nyuma. Herufi hizo ni amri, zinakwambia uishie wapi na usivuke wapi. C anazunguka karibu uwanja mzima lakini ndani ya nusu duara za kufungia haingii. Kufunga ni kwa wawili tu, GS na GA, tena wawe ndani ya nusu duara. Na kubwa kuliko yote, ukishaudaka mpira hukimbii nao, na ndani ya sekunde 3 uwe umeshautoa. Kwenye kandanda anaweza kutokea kijana mmoja akawapangua wanne, akafunga, akavua jezi, na wenzake wamesimama wanatazama kama wanavyotazama watu wa jukwaani. Kwetu ushujaa wa namna hiyo unapigiwa filimbi.

Ndiyo maana kwenye uwanja wetu, huu wa udongo mwekundu nyuma ya madarasa ya kidato cha kwanza, majina husikii. Majina yenyewe hayasaidii, akina Fatma tunao watatu. Unachosikia ni "Mwenzio! Mwenzio!" Wanapiga kelele wachezaji, wanapiga waliokaa nje, anapiga na muuza malai aliyeegesha baiskeli yake chini ya mwembe. "Muone mwenzio!" Na mwenye mpira anageuka.

Mwenzio nani? Hajatajwa. Mpira ulipodakwa alikuwa WA, lakini WA keshazibwa. Sasa ni GA, kajichomoa pembeni na mkono kaunyanyua. Kufumba na kufumbua GA naye kafunikwa, mwenzio ni WD aliyebaki nyuma peke yake, hakuna anayemshughulikia. Neno halina jina la mtu, lakini mtu yumo, na hubadilika kila mguu unaponyanyuka. Niliwahi kuwaambia waitane kwa herufi, nikaona ndiyo utaalamu. Wakaita "GA! GA!" jioni moja kwa kunistahi, kesho yake wakarudi kwenye mwenzio wao na mie nikanyamaza.

Sasa nivumilieni nifungue darasa kidogo. Mwenzangu ni mwenzi na wangu vilivyogandana. Ukitazama ni maneno gani mengine yanayogandana hivyo na mwenyewe, utakuta ni ya nyumbani: mwanangu, mumeo, mkewe, nduguye, shogaangu. Mwalimu hagandi. Hakuna mwalimungu, wala kochawe, wala kepteniyo. Hao wote husimama mbali kidogo, mwalimu wangu, kocha wake, kepteni wako. Lugha haikumuuliza mtu. Imemchukua huyu mnayekimbia naye uwanjani, au mnayepanda naye gari, au mliyesoma naye madrasa moja, ikamkalisha safu moja na mume na mtoto.

Na ukishaanza kulitamka huna pa kuishia njiani. Mwenz... nani? Angu, io, iwe, etu, enu, ao. Mwenzi mkavu kaachiwa watu wa mashairi na karatasi za kadhi, mwenzi wa ndoa, basi. Kwa hiyo kila anayemtaja mchezaji mwingine analazimika kusema na yeye mwenyewe kasimama wapi. Msimu uliopita GD wetu alikuja kunishtakia baada ya mechi. Akasema: "Mwenzao yule mpira kauachia makusudi." Anamsemea GK, anayecheza naye ubavu kwa ubavu! Sikushughulika na mpira hata kidogo. Nilichosikia ni ile -ao. Yaani GK ana wenziwe, nao ni watu wengine, na mie GD simo. Nikaulizia, nikakuta kweli wana maneno, ugomvi wa daftari la baiolojia lililoazimwa likarudi na doa la mafuta. Wiki ya pili nikamsikia anamwita "mwenzetu" na nikajua daftari limeshasamehewa, bila ya kuambiwa na mtu.

Vitu navyo vina wenziwe, msicheke. Kiatu kimoja ukikiona uvunguni unauliza mwenziwe yuko wapi. Yuko, si kiko. Soksi vilevile. Kinachokwenda viwili viwili kikibaki kimoja tunakisikitikia kama mtu.

Lakini watu wakilisifu neno hili hulipaka sukari mno, na hapo ndipo napotofautiana nao. Husema mwenzangu ni upendo, mwenzangu ni umoja. Mie neno hili nimelijulia kwenye jamvi la karafuu, na kule upendo haukuwa sharti.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa upande wa Konde, kaskazini ya Pemba yetu hii. Msimu ukifika, tukifunga skuli tunapelekwa kwake, na jioni karafuu zilizochumwa mchana zinamwagwa jamvini zichambuliwe. Wanawake na watoto tunazunguka, kandili katikati. Shada unalikamata kwa mkono mmoja, unalisukumiza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kulizungusha kidogo, karafuu zinadondoka mbele yako, konyo, kile kijiti kinachobaki, unalitupia nyuma. Halipotei, makonyo nayo huuzwa, yana kiwanda chake kule Wawi yanakotolewa mafuta. Ukichambua saa nzima vidole vinakuwa vyeusi na vinawaka, na ole wako ujisahau ujifikiche jicho. Sie watoto tulichoka mapema. Wakubwa hawakuchoka kwa sababu walikuwa na maneno, na kila habari ilifunguliwa kwa ufunguo mmoja: "Mwenzangu we!" Ukisikia hivyo unajua kuna mtu wa mtaa wa pili atasulubiwa.

Babu alikuwa na wake wawili, na wote wawili walikaa jamvi hilohilo. Bibi hakumwita yule mwengine kwa jina. Alimwita mwenzangu, naye akaitika, na yeye akimwita bibi mwenzangu. Mie kwa utoto wangu nilidhani ndilo jina lake, nikamwamkia siku moja, "Shikamoo Bi Mwenzangu." Jamvi zima lilianguka kwa kicheko, na waliocheka kuliko wote ni hao wawili, wakapigana mikono.

Sitawaongopea kwamba walipendana. Kila mmoja alikuwa na fungu lake la karafuu, na pishi ikipita kupima fungu la mmoja jicho la mwengine linapita nayo. Babu akirudi na kanga kutoka Wete zilinyooshwa zikalinganishwa pindo kwa pindo. Bibi akikasirika alikuwa na maneno yake, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," na sote tulijua linamwendea nani. Lakini mwengine akishikwa na homa, uji ulitoka jiko la bibi, tena wa pilipili manga kama anavyoupenda mgonjwa. Halafu homa ikiondoka, vita vinarudi palepale vilipoachwa. Na wakati wote huo, wa uji na wa kanga, aliitwa mwenzangu. Neno halikungoja wapatane. Walikuwa na mume mmoja, shamba moja, kandili moja, hicho kilitosha. Ukewenza umelichukua neno hili moja kwa moja, mke mwenza, na naona lilijua linakokwenda. Mwenzako ni mtu mnayeshirikiana naye kitu. Kukupenda ni shauri lake.

Sasa nina wasichana wawili wanaotaka kizibao kimoja cha GS.

Mmoja mrefu. Pete iko mita 3.05 juu, na yeye akinyoosha mikono mipira ya juu yote yake. Mwengine mfupi kwa kichwa kizima lakini mkono wake haukosei. Anakunja goti, anapumua, anaachia, mpira unapita ndani ya pete bila ya kuigusa. Wanakaa benchi moja, wanakunywa chupa moja ya maji, na wakitajana husema "mwenzangu" kwa sauti ileile ya jamvini, ya tamu yenye mchanga ndani. Nilipomuuliza mrefu kwa nini mazoezini hampi yule mfupi mpira akiwa karibu na pete, alinijibu: "Mwenzangu alikuwa mbali, mwalimu." Hakuwa mbali. Walikuwa wanaweza kushikana mikono.

Nikampa mfupi GA. Kwa karatasini ni jawabu zuri, wote wawili wanafunga. Lakini GA ana kazi ya kukimbia, anatoka nje ya duara, anasaidia kuleta mpira, kisha ndiyo arudi afunge akiwa na pumzi iliyobaki. Yeye alitaka kusimama chini ya pete. Akaniona nimemtupa. Basi ikawa anauleta mpira vizuri mpaka kwenye mstari, mwenziwe yuko peke yake chini ya pete mikono juu, na yeye anazungusha kichwa kana kwamba anatafuta mtu. Nje wanapiga kelele, muone mwenzio, muone mwenzio! Kumuona alikuwa anamuona. Ndicho kilichokuwa kinamuuma.

Nini nilifanya? Sikuwatolea hotuba ya umoja. Niliwabadilishia vizibao kila robo, dakika 15 wewe, dakika 15 yeye, mpaka mrefu naye alipojua GA anavyotoka roho kukimbia na mfupi akajua GS anavyosukumwa na walinzi wawili. Bado hawapendani, nadhani. Lakini mpira unakwenda.

Kuna namna moja ya neno hili ambayo mgeni wa Kiswahili humchukua miaka kuizoea, nayo ni mtu kujiita mwenyewe mwenzenu. Asubuhi tuliyokwenda Chake Chake kucheza, tulikuwa barabarani tunangoja gari, mifuko miguuni, mitandio imeshabanwa kwa pini tayari. GK wetu akaanza kupekua mfuko wake, akatoa kila kitu akaweka chini, akasema: "Jamani, mwenzenu raba hii simuoni mwenziwe."

Hakusema nimepoteza raba. Angesema hivyo angeulizwa umepoteza vipi, uliweka wapi, hujatazama jana usiku? Kajiita mwenzenu, na hapo raba imekuwa ya gari zima. Mtu akishasema "mwenzenu naumwa", "mwenzio sina nauli", kakuwekea mzigo wake miguuni pako kwa adabu na kakutajia na sababu ya kuubeba. Unaweza kukataa, lakini utakataa huku watu wanakutazama. Akatokea WD wa akiba, akavua zake bila ya neno, akavaa kandambili alizokuja nazo. Zilikuwa ndogo kwa namba moja. GK alicheza robo zote nne vidole vimekunjana, na jioni alivyokuwa anashuka kwenye gari alitembea kama anakanyaga pweza.

Tulifungwa, kwa faida ya wanaotaka kujua.

Nikamuuliza kepteni wetu njiani, kwenye gari ya abiria ya namba 606 ya kurudi Wete, ameonaje. Akasema: "Wenzetu wanaonana." Wenzetu ni nani? Ni waliotufunga. Na hapo ndipo neno hili linapowashinda wanaotaka kulitia kwenye fomu za semina. Sikilizeni kepteni au kocha yeyote baada ya mechi, redioni, kwenye TV, popote: wenzetu wametumia nafasi walizopata, wenzetu walijiandaa. Yule aliyekuwa anakusukuma mbavu dakika tisini sasa ni mwenzako, kwa sababu mlikuwa nae uwanja mmoja mnautafuta mpira mmoja. Tena hayaishii kwenye vitimu vya skuli. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezewa hapa kwetu Pemba, uwanja wa Gombani, na Zanzibar Heroes wakaichapa Burkina Faso 2-1 fainali, jukwaani nilipokuwa nimekaa hao Burkina Faso waliitwa wenzetu tangu mwanzo. "Wenzetu wana miili." "Wenzetu wanacheza Ulaya hawa." Tulipofunga la pili mzee wa kofia aliyekuwa mbele yangu akasema, "Wenzetu poleni," na wallahi nilihisi anawapa pole kwelikweli, huku anacheza.

Linauma pia, hilohilo. "Mwenzetu" kwa mdomo uliopindishwa kidogo ni mtu aliyepata cheo akasahau salamu. Mwalimu akihamishiwa Unguja akarudi sikukuu na miwani mieusi, ofisini tunasema "mwenzetu huyo", na hakuna anayemaanisha kuwa ni wetu. Na ndilo hilohilo tena tunalotangaziwa msikitini mtu akifariki, mwenzetu katangulia mbele ya haki, na hapo halina mzaha hata chembe. Sauti ndiyo inayoamua. Kwenye maandishi unabaki kubahatisha, na labda ndiyo sababu mwalimu mkuu alilikimbia.

Limebaki moja, nalo ni mwenzangu na mie. Huyo ni mtu kama sisi, wa mshahara unaokwisha tarehe kumi, asiye na mjomba wizarani. Duka kubwa la vioo si la mwenzangu na mie. Mpira halisi wa pete nao, ule wa ngozi ya vipele vidogo usioteleza mkononi wakati wa jasho, nimeuulizia bei juzi, na si wa mwenzangu na mie. Tulio nao ni miwili. Mmoja umeota yai ubavuni na mwengine tunautia upepo kabla ya kila robo, refa anatungoja.

Basi mwenzenu natafuta mpira. Namba 5, wa pete, hata uliochezewa, ilimradi uwe wa duara. Aliye nao amelaza uvunguni au kabatini mwa ofisi yoyote kati ya Mkoani na Konde, sie tuko uwanjani Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni mpaka magharibi ikaribie. Akija atatujua tu. Ni wale wanaopiga kelele bila ya kuita jina la mtu.